Mmoja Atoke Ndipo Mmoja Aingie

Machi 2, Garsen

Rosina amenikuta na kalamu akacheka, akasema mume wake amepata kazi ya ukarani. Mwache acheke. Haya nikiyaacha kifuani nitagombana na mtu, na mtu aliye karibu ni yeye.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka jana sisi Mamba wa Garsen tulimaliza wa pili kwenye ligi. Mimi ndiye nahodha, beki wa kati, mwaka wa sita sasa. Tulizungushwa mjini juu ya trekta, mama zetu wakapiga vigelegele mpaka wakakauka koo. Sasa ligi imeleta kanuni mpya, inaitwa Nne Bora. Timu nne zilizomaliza juu haziruhusiwi kusajili mchezaji huru, yaani yule aliyemaliza mkataba wake, mpaka kwanza mchezaji wao huru achukuliwe na timu nyingine. Mmoja atoke ndipo mmoja aingie. Timu za chini zinajisajilia zitakavyo. Wanasema ni ili wanyonge nao wapumue.

Sawa, wapumue. Lakini sisi tunamtaka Karisa, mshambuliaji wa kule Magarini, anayefunga kwa miguu yote miwili. Mkataba wake umeisha na yuko tayari kuja. Kwetu waliomaliza mkataba ni wawili: mimi, na Kaingu, beki wa kushoto, rafiki yangu tangu tukicheza mpira wa matambara. Kaingu ana goti bovu na ligi nzima inajua. Hakuna anayempigia simu.

Mimi ndiye ninayetakiwa.

Machi 4

Leo nimejua yote. George, kocha wetu, alikwenda mnadani kununua mbuzi wa harusi ya mdogo wake, akarudi na mbuzi na habari zangu. Huko alikutana na Mzee Huka, mfanyabiashara wa ng'ombe, Muorma, mwenyekiti wa timu ya Bangale inayoitwa Malisho. Malisho walimaliza wa mwisho kabisa. Tuliwafunga saba, na la saba nilifunga mimi, beki mzima.

Mzee Huka alimwambia George hivi: "Kwetu, jirani yako iko na watoto na maziwa hakuna, wewe napatia yeye ng'ombe moja anakamua. Ng'ombe si yake. Maziwa ndio yake. Watoto wakikua, ng'ombe narudi kwako. Nipe mimi hiyo Buya." Buya ndimi.

Wakapeana mikono. Mimi niende Bangale, Karisa aingie Garsen, kisha dirisha dogo la usajili likifunguliwa mwezi wa tano nirudi nyumbani. George amenieleza haya kwa simu. Kwa simu! Anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, nilikuwa naisikia redio yake.

"Na mimi ndiye ng'ombe?" nikamwuliza.

"Ng'ombe mzuri lakini, kapteni. Mbaya hakopeshwi."

Machi 6

Nimetia sahihi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Kaingu amenibebea begi hadi stendi. Hakusema kitu njia nzima, na Kaingu ni mtu wa kusema hata akiwa na chakula mdomoni. Tunajua sote wawili kwamba angekuwa na goti zima, huenda angekwenda yeye.

Machi 8, Bangale

Safari siiandiki. Nina mchanga kwenye meno.

Machi 9

Mtu aliyelelewa Golbanti kama mimi, aliyeogelea kabla ya kutembea, anafikaje mahali ambapo maji yanaletwa na punda? Hakuna mto. Hakuna mwembe. Kuna barabara, maduka machache, bwawa lililobaki matope, na ng'ombe waliokonda wakipita katikati ya uwanja wetu wa mpira kana kwamba wana mechi yao. Upepo unavuma kutwa. Nimepewa chumba nyuma ya hoteli ya Ubah, mama mmoja Msomali mwenye sauti ya kuita watu kutoka Garissa. Ameniwekea chai ya maziwa ya ngamia na anjera, mkate wao laini kama chapati, akanikazia macho mpaka nikamaliza.

"Wewe mtu ya samaki," akasema. "Huku utakula nyama, upende usipende."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nimekula.

Machi 15

Tumefungwa nne bila. Vijana hawa wote hukimbilia mpira ulipo, kumi kwa pamoja, wakaacha nyuma peupe. Kipa wetu Jilo, kijana mrefu wa Madogo mwenye nywele za mtindo, baada ya kila bao alikuwa ananiambia, "Cap, hiyo ilikuwa na nuksi." Nne zote zilikuwa na nuksi. Nimewafokea mpaka sauti imekatika.

Machi 22

Tumefungwa mbili. Garsen wameshinda, Karisa amefunga mawili. Rosina amenihadithia kwa furaha, kisha akakumbuka anaongea na nani.

Machi 29

Tumefungwa moja. Nimeacha kufoka kwa sababu sauti haijarudi.

Aprili 2

Mzee Huka amekuja mazoezini, akakaa juu ya jerikeni na fimbo yake. Nilikuwa nawafundisha mabeki kujipanga kwa mstari, kwa mara ya mia, na kwa mara ya mia wakauvunja. Mzee akaniita.

"Wewe nasema lugha ya mpira. Hawa hajui. Uliza yeye, usiku simba akizunguka boma, nani nakaa wapi."

Nikawauliza. Wakanionyesha bila kukosana. Kila mmoja ana upande wake wa ua, hatoki hata akisikia kelele upande wa pili, maana simba mmoja hupiga kelele huku mwingine akaruka kule. Anayeacha upande wake na ng'ombe akaliwa, aibu hiyo humfuata mpaka kwenye kuposa. Basi nikachora boma mchangani mbele ya goli la Jilo. Nikasema mpira ni kelele, simba ni yule msiyemtazama.

Leo hakuna aliyetoka upande wake. Nimeona haya kidogo, kwa sababu kwa wiki nne nimewaita wajinga moyoni, na mara mbili kwa sauti.

Aprili 5

Sare! Bila kwa bila, ugenini. Ubah amechinja.

Aprili 11

Mvua imeanza usiku na haijakoma. Watu walitoka nje wakasimama tu, nguo zikilowa, wakicheka. Mimi niliyezaliwa penye maji nilibaki mlangoni nikajiona kama ndiye mgeni wa mvua. Aisifuye mvua imemnyea, lakini hawa wanaisifu ikiwa bado inawanyea.

Aprili 19

Tumeshinda moja bila, mbele ya watu wasiozidi ishirini na mbuzi. Nyasi zimeota, kwa hiyo watu wamefuata nyasi na mifugo yao mbali huko. Mashabiki wa timu hii wanaondoka mvua inapofika, wanarudi jua likikausha. Jilo anasema wakirudi nitajuta, watajaa mpaka ndani ya nyavu.

Nikasema sitakuwapo. Mwezi wa tano nakwenda zangu. Akaenda kuokota mipira ambayo si kazi yake kuokota.

Aprili 27

Rosina amepiga. Mto umepanda, mashamba ya chini ya kijiji cha Hewani, kwa mama yake, yameingiwa na maji, mpunga umezama na migomba imebaki vichwa. Nikamwambia apeleke watoto kwa dada yake. "Nimeshawapeleka," akasema. "Ulidhani nangoja ruhusa kutoka jangwani?"

Kiwanja cha Garsen nacho kiko chini ya maji. Mechi zao za nyumbani wanazichezea Hola sasa. Wamepoteza mbili mfululizo.

Nikakaa na simu mkononi. Kwetu kunazama na mimi niko mahali pasipo hata mtumbwi. Nilitaka kuondoka saa ile ile, na barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili.

Mei 12

Dirisha limefunguliwa. George hajapiga.

Mei 13

George hajapiga. Rosina amepiga, nimempokea vibaya kwa sababu si George.

Mei 14

Hajapiga. Begi langu liko tayari tangu Jumapili. Kila asubuhi natoa shati moja la kuvaa, jioni nalirudisha. Ubah ananiangalia, kisha ananiongezea chai.

Mei 15

Amepiga.

"Kapteni, kuna shida kidogo."

Naijua hiyo kidogo ya George. Aliitumia mwaka ule basi la timu lilipotumbukia mtaroni. Nikamwambia aseme.

Shida ni hii. Watu wa ligi wamemwambia kwamba Malisho wakiniacha ninakuwa mchezaji huru, na Garsen ikinichukua inahesabiwa imesajili mchezaji huru. Mwaka jana tulimaliza Nne Bora, kwa hiyo kanuni inatubana mpaka msimu uishe. Mmoja atoke ndipo mmoja aingie. Hata kama anayeingia ndiye yule yule aliyetoka.

"Hukulijua hilo ulipopeana mkono?" nikauliza.

"Kapteni, nilidhani kurudi ni kurudi. Nani anasajili mtu wa kwao?"

Nikataka kumtukana, nikakosa pa kuanzia. Kwa sababu mimi pia sikulifikiria, wala Mzee Huka hakulifikiria, na Mzee Huka huhesabu pembe za ng'ombe kwa mbali. Ng'ombe wako akirudi zizini kwako, huku kwetu hakuna anayesema umemnunua. Sote tulisikia maneno ya ng'ombe tukaridhika, tukasahau kwamba wenye ligi hawafugi.

Kisha George akashusha sauti. "Lakini kuna njia. Witu wako tayari kumchukua Kaingu, kwa sababu mabeki wao wawili wameumia. Watamweka benchi tu. Mkataba wake sisi tulimpa wa miezi miwili, unaisha wiki hii, simuongezei. Anatoka, unaingia. Sema ndiyo nimalize leo."

Nikamwuliza kama Kaingu anajua. Akasema atajua.

Mvua ilikuwa inapiga bati, mto ulikuwa umefika mlangoni kwa mama mkwe, na mimi nimekaa hapa miezi miwili nikihesabiwa maziwa. Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kabla sijajisikia nikisema.

Mei 16

Jana nilisema ndiyo na tangu hapo sijakaa mahali. Nimekwenda bwawani, nimerudi. Nimekwenda uwanjani, nimerudi. Nimevunja kikombe cha Ubah.

Nilikuwa namwona Kaingu na begi langu begani. Kaingu anajua atakayofanyiwa, nadhani aliyajua siku ile stendi, ndiyo maana alinyamaza. Dama mke wake amejifungua juzijuzi. Benchi la Witu, halafu msimu ukiisha, basi. Beki mwenye goti bovu akiachwa na timu yake hapati ya pili.

Na mimi nilifanyiwa hayo hayo kwa simu, nikalia miezi miwili. Jana nikayafanya mwenyewe, kwa simu.

Nimempigia George nikamwambia hapana. Nikasema Kaingu abaki.

"Basi baki huko ukamuliwe," akasema, akakata.

Nimemlipa Ubah kikombe. Amekataa, kisha akapokea.

Mei 19

Dirisha limefungwa. Nimetoa nguo zote kwenye begi.

Mei 20

Rosina hajakasirika kama nilivyoogopa. Amekasirika zaidi. Baada ya dakika nyingi akasema, "Lakini ungekubali, ningemtazama Dama kwa jicho gani kwenye zahanati?" Halafu akakasirika tena.

Mei 28

Mzee Huka amenikuta kwa Ubah. Nilidhani atafurahi kwamba nimebaki, nikajiandaa kumjibu vibaya.

Akakunywa chai yake kwanza. "Kwetu," akasema, "mtoto bado nakunywa, mwenye ng'ombe hawezi kuja kuchukua. Hiyo ni aibu. Lakini mimi nilitoa neno, mwezi ya tano. Nilikuwa naacha wewe uende. Sasa hao watu ya ligi nakataa ng'ombe kurudi kwao. Mimi sijaona sheria kama hiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Ni mara ya kwanza nacheka na mtu hapa kuhusu jambo hili.

Juni 7

Tumeshinda.

Juni 14

Tumeshinda tena. Jilo amedaka penalti, akauliza kama na hiyo ilikuwa na nuksi.

Juni 21

Mvua imekwisha, upepo umerudi. Maji kule Garsen yameshuka, Rosina anasema matope yamebaki hadi kwenye madirisha ya chini na harufu yake haisemeki, lakini mama yake ameshaanza kupanda. Timu imerudi kiwanjani kwake, ila imechoka. Karisa anafunga, mabeki wanaruhusu. "Watu wanakutaja," Rosina akasema. Nilifurahi, na sikupenda kwamba nimefurahi.

Juni 28

Nimejikuta nasema "sisi" nikimaanisha Malisho. Nimelisema kwa Rosina. "Sisi nani?" akauliza.

Julai 12

Sasa nisome msimamo wa ligi polepole, maana leo Jilo amenionyesha kwenye simu yake na kichwa bado kinaniuma.

Imebaki mechi moja. Garsen ni wa nne. Malisho ni wa tano, pointi mbili nyuma. Waliomaliza wa mwisho mwaka jana ni wa tano! Na mechi ya mwisho ni Malisho na Garsen, hapa Bangale.

Tukitoka sare au Garsen wakishinda, Garsen wanabaki Nne Bora. Kanuni inawabana mwaka mwingine, na mimi mkataba wangu ukiisha sitaweza kurudi mpaka wamtoe mtu. Na mtu huyo namjua jina. Malisho tukishinda, Garsen wanaanguka kuwa wa tano. Wakiwa wa tano wako huru, wanasajili wamtakaye, na mimi narudi bila mtu kutoka.

Kwa hiyo njia ya kwenda kwetu ni moja tu, niwashinde watu wa kwetu.

Julai 13

Nimemweleza Rosina. Amenifanya nirudie mara mbili.

"Yaani urudi nyumbani mpaka utufunge?"

"Ndiyo."

"Na tukikufunga sisi, unabaki huko?"

"Au Kaingu anatoka."

"Waliotunga sheria hii," Rosina akasema, "mama zao waliwanyonyesha?"

Julai 16

Siwezi kukaa. Mazoezini nimempiga kijana kiwiko bila sababu. Nikishinda, watu wa Garsen watasema nimewauza ili nirudi. Nikishindwa, Bangale watasema ng'ombe amemkumbuka mwenyewe. Na mimi nitasema nini? Kila nikijiuliza nitacheza kwa ajili ya nani, napata jibu tofauti. Asubuhi nilitaka kwenda kwetu. Mchana nilimwona Jilo akijichorea boma mwenyewe mchangani, peke yake, nikataka timu hii ishinde kwa sababu imestahili. Jioni sikutaka kitu, nilitaka Jumamosi ipite.

Julai 19

Imepita.

Jilo alisema kweli. Watu wamerudi na jua na walijaa mpaka kwenye mstari. Walikuja na ngamia. Ubah alifunga hoteli, jambo ambalo nimeambiwa hakulifanya hata alipofiwa. Wa Garsen walikuja kwa lori moja, wakaimba jina la Karisa, na waliponiona wakaimba langu pia, kisha wakakumbuka jezi niliyovaa wakaacha katikati. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilikutana na Karisa mara ya kwanza maishani mwangu, mtu ambaye kwa ajili yake nilihamishwa. Nilikuwa nimemchukia miezi minne na nusu. Alikuja kunisalimia kwa mikono miwili. "Kaka, nimepewa kabati lako," akasema. "Kuna picha ya wanao mlangoni, sijaitoa." Sasa mtu kama huyo utamchukiaje? Nikamkaba mechi nzima lakini sikuweza kumchukia, na nilihitaji kumchukia.

Kipindi cha kwanza walitubana. Karisa aligonga mwamba mara mbili. Vijana walishikilia boma, kila mmoja upande wake. Cha pili wakachoka wao, miguu ilikuwa na matope ya miezi miwili. Dakika za mwisho mwisho tukapata kona.

Nikapanda mbele. Aliyekuja kunikaba ni Kaingu.

Hakuniangalia. Nilisikia pumzi yake mgongoni, pumzi niliyoisikia miaka yote kwenye mazoezi. Namjua Kaingu. Mpira wa juu ukija hufumba macho sekunde moja kabla ya kuruka, tangu utotoni, na goti la kushoto haliruki tena. Goti ligi nzima inalijua, lakini macho hayo nayajua mimi tu. Mpira ukaja, nikangoja afumbe, nikapanda kwa upande wa goti lile. Nikapiga kichwa. Nikaona wavu ukicheza.

Sikushangilia. Walinirukia wote, Jilo alikimbia kutoka goli la pili, nikawa chini kabisa ya rundo la watu na mchanga mdomoni, na pale chini ndipo nilipojiuliza nimefunga kwa ajili ya nani. Sikujua. Nafikiri sitajua. Mwili uliona mpira ukaruka.

Moja bila. Malisho wa nne, Garsen wa tano.

Baadaye Kaingu alinijia akiwa anachechemea. Kwetu hakuna siri, yale ya Mei Rosina alikwisha kumwambia Dama, na Dama kamwambia mumewe.

"Mwezi wa tano ulinihurumia," akasema. "Mwezi wa saba umenimaliza."

"Samahani, ndugu yangu."

"Samahani ya nini? Ungeruka upande wa kulia ningekudharau." Akanishika shingo tukasimama vile, tukilia kama watoto, watu wakipita.

Julai 20

George amepiga asubuhi na mapema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa akapata urithi.

"Sasa tuko wa tano. Tuko huru. Rudi nyumbani, kapteni."

Msimu mzima nimeingoja simu hii. Nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Anatoka nani?"

"Hakuna anayetoka. Tumeanguka, tunafanya tutakavyo." Akangoja. "Mbona hufurahi?"

Nikasema nimefurahi. Nikakaa kitandani chumbani kwangu na begi tupu miguuni, sikulijaza.

Julai 22

Ningeweza kubaki. Nimelifikiria wazo hili kutwa nzima na halijaniogopesha. Jilo angenipokea begi langu, kuna chai yangu isiyo na sukari, kuna mabeki wanne wanaonisubiri niseme. Rosina hatakuja, hilo najua, ana mto wake na mama yake.

Lakini furaha ya Bangale imedumu siku tatu. Leo wamekumbuka kwamba sasa wao ndio Nne Bora. Kuna mshambuliaji mmoja, mchunga ng'ombe wa hapa hapa anayecheza Kilifi, mkataba wake umeisha na anataka kurudi kwao. Hawawezi kumsajili. Mmoja atoke ndipo mmoja aingie. Aliyemaliza mkataba Malisho ni mmoja tu, nami ndiye mmoja huyo.

Nimeyasikia kwa Ubah, akisugua meza ambayo ilikuwa safi. Hakuna mwingine aliyeniambia. Mazoezini vijana wote walikuwa wema kupita kiasi. Nikangoja simu ya Mzee Huka, kwa sababu sasa najua mambo haya hufanywa kwa simu.

Julai 23

Hakupiga. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, wakati wa alasiri, akabisha hodi mlangoni kwangu ingawa mlango ulikuwa wazi.

Tukakaa nje. Akauliza habari za mke, watoto, mama mkwe, mpunga, mto. Kila mmoja kwa jina, na mto pia. Kisha akasema, "Wewe nasikia maneno ya mtoto ile ya Kilifi."

"Nimesikia, mzee."

"Ukienda, yeye naingia. Ukikaa, yeye nakaa huko. Sheria ndio hiyo. Watu yangu nataka yeye, mimi siwezi kudanganya. Watu yangu nataka wewe pia." Akachora mchangani kwa fimbo, akafuta. "Ng'ombe haiulizwi. Natolewa tu, narudishwa tu. Lakini wewe si ng'ombe, mimi nilisema hivyo sababu ya kuelewana na George. Basi nakuuliza. Wewe mwenyewe nataka nini?"

Tangu Machi hakuna mtu aliyeniuliza. Wala George, wala ligi, wala mimi mwenyewe. Nikalia mbele ya mzee wa watu bila aibu, naye akatazama upande wa ng'ombe mpaka nikamaliza.

"Nataka kwenda nyumbani," nikasema. "Na nataka kubaki. Lakini mtoto wenu arudi kwao. Nitakwenda."

"Umechagua wewe?"

"Nimechagua mimi."

Akaitikia kwa kichwa. "Jumamosi nakupeleka."

Nikamwambia asijisumbue, barabara mbovu, nitajiendea. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

Julai 26, Garsen

Amenileta. Siku nzima kwenye pikapu lake, na mgongo wake ule wa uzee. Jilo alikaa nyuma na begi langu. Ubah alinifungia nyama kavu ya kutosha kijiji, akasema ni ya Rosina, mimi mtu ya samaki sitajua kuila.

George alikuwa kiwanjani na vijana wakikwangua matope. Alipoona pikapu akaja akijifuta mikono. Mzee Huka akashuka polepole, akanishika mkono mbele ya watu wote, akautia mkononi mwa George.

"Ng'ombe yako hii hapa," akasema. "Watoto yangu nimekunywa, wameshiba. Mimi nasema asante. Na kwetu, George, ng'ombe ya mtu hairudishwi kwa simu."

George akatazama chini. Kaingu, aliyekuwa na jembe, akageuka upande asionekane anacheka. Nilidhani George atasema mzaha wake, lakini alinishika mkono kwa nguvu na hakuuachia. "Karibu nyumbani, kapteni," akasema. "Ningekuja kukuambia siku ile. Niliogopa uso wako." Nikamwambia uso wangu uko pale pale, nyumba ya nne, aje leo usiku Rosina anapika. Nilimsamehe karibu yote. Kidogo nimekibakiza, kitaisha polepole.

Nikamsindikiza Mzee Huka garini. Jilo alikuwa anafuta macho akisingizia vumbi, na Garsen hakuna vumbi hata chembe mwezi huu.

"Na watoto wakiwa na njaa tena?" mzee akaniuliza, mkono ukiwa kwenye mlango. "Nakuja kuomba kwa George?"

"Usimwombe mtu, mzee," nikasema. "Niite tu. Nitajileta mwenyewe."